Bahasha Amesimama

Alfajiri ya Julai, Kibosho. Ukungu umeketi migombani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Bahasha kazaa saa tisa usiku, ndama jike, salama.
Saa kumi kizazi kikamfuata mwana nje,
chekundu, kizito, kikifuka mvuke,
nami nimekikinga kwa shuka la kitanda changu
kisiguse samadi.

Ndetaulwa ameshika kamba.
Mume wangu, nasema, ameshika kamba.

Dokta Anansia akashuka kwenye pikipiki na mabuti yake ya mpira.
Hakuuliza habari za asubuhi. Aliuliza:
"Anaweza kusimama?"
Huyu? Huyu ni mbishi kuliko sisi wenye boma.
"Basi asimame. Akilala, kazi ni mara mbili."

Akanyoa kwa wembe pale mkia unapoanzia,
akapaka spiriti, akaushika mkia,
akaupandisha, akaushusha, akaupandisha,
kama mpini wa pampu ya kisima cha shule,
kidole cha mkono wa pili kikisikiliza.
"Mfupa huu umetulia. Huu unacheza.
Kati yake pana mlango."

Mlango!
Miaka arobaini nafuga, nakama, nakata matete,
sikujua ng'ombe ana mlango pale.

Sindano ikaingia. Mdomoni mwake
akaweka tone moja la dawa, akangoja.
Tone likakaa, duara,
limebeba mwanga wote wa kurunzi yangu,
kisha likamezwa. Hivyo tu. Likaenda ndani
kama lililoitwa jina.
"Limekubali," akasema,
akasukuma polepole, mililita tano, nikihesabu naye.
"Kumi, angekaa chini kama mlevi.
Tunataka uchungu ulale, miguu ikeshe."

Mkia ukalegea mkononi mwake,
kamba ya ndoo iliyokatika kisimani.
Na Bahasha, aliyekuwa akijikamua tangu saa kumi,
akaacha. Akashusha pumzi.
Akatafuta matete.

"Mama Aikande, una sukari?"
Ya chai?
"Hiyo hiyo. Inavuta maji ya uvimbe."
Kilo nzima, ya mkopo dukani,
nikaimwaga juu ya nyama ile ya moto
na nyama ikaanza kunywea, ikitoa jasho tamu.

Mimi nilizaa watano katika chumba kile,
kile chenye dirisha la bati.
Elinaja, wa tatu, alitanguliza miguu.
Mkunga alinikunjia kitenge: Uma.
Nikauma hadi maua yakaacha rangi kwenye meno.
Ndetaulwa alikuwa Umbwe kwenye mbege,
akarudi magharibi, akauliza mlangoni: Mtoto gani?

Leo anamkuna Bahasha chini ya shingo.
Anamwambia, kwa sauti nisiyoijua,
na nimelala naye tangu mwaka wa njaa ya yanga:
"Pole, mama. Pole. Inakwisha."

Nilishika shuka langu. Sikusema kitu.

Dokta akasukuma kwa ngumi, si kwa vidole,
vidole hutoboa. Mkono ukapotea hadi begani,
shavu lake limelala kwenye nyonga ya ng'ombe
kama anayesikiliza habari chumba cha pili.
Kisha akashona kwa utepe mpana,
nyuzi nne, sindano ndefu kama ya magunia,
na Bahasha anatafuna.
Anatafuna!
Sindano inapita, yeye anachagua jani.

Dokta akanawa, akaandika deni kwenye daftari,
akasema ganzi itaisha kwa saa mbili,
mkia utarudi wenyewe.

Ndetaulwa akaenda kumnywesha ndama.
Mimi nikageuza ndoo, nikaikalia
nyuma ya ng'ombe, kwenye baridi,
nikiungoja mkia.
Sijui kwa nini. Chai haikuwa na sukari, labda ni hilo.

Jua lilipopasua ukungu, inzi wa kwanza akatua.
Ncha ya mkia ikatetema. Ikatulia.
Ikatetema tena,
halafu ukaja wote, mzima, na samadi yake,
ukanichapa shavuni.